Maji Mawili Katika Mfereji Mmoja

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mna amri moja ambayo haisomwi siku ya Dominika, wala sijapata kumsikia padre ye yote akiihubiri. Musa anawaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi pa kwendea haja, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe shimo, kisha afukie. Sababu anayoitoa si harufu wala ugonjwa. Anasema kwamba Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi, kwa hiyo kambi na iwe takatifu. Watoto wa mafundisho wakisikia habari hii hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Baadaye nawauliza: Je, Mungu akipita leo katika avenyu yetu, baada ya mvua, ataweka mguu wapi?

Waisraeli walikuwa wasafiri. Kambi ikichafuka, waliinua hema zao wakaenda mbele. Lakini mji hauinuliwi. Watu elfu, na elfu kumi, na hata milioni, wanakaa mahali pamoja, baba na mwana na mjukuu, na kila mmoja ana haja yake kila siku. Shuleni tunafundishwa kwamba historia ya miji ni habari za wafalme, vita na biashara. Ni kweli, lakini chini yake ziko habari nyingine ambazo hazisimuliwi sana, maana wenye kuandika vitabu huona haya, nazo ni habari za mahali uchafu unapokwenda. Nataka kuzisimulia hapa kwa sababu vijito vyetu vya Kisangani, yaani Kabondo, Djubu-Djubu, Konga-Konga na vinginevyo, vinabeba matokeo yake kila mvua inyeshapo.

Warumi ndio wanaosifiwa kwanza. Yapata karne ya 6 kabla ya Kristu, wafalme wa Roma walichimba mfereji mkubwa ulioitwa Cloaca Maxima, maana yake mfereji mkuu wa uchafu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukausha bwawa lililokuwa bondeni kati ya vilima, mahali ambapo baadaye palikuwa baraza la mji, na maji yake yalipelekwa katika mto Tiber. Halafu wakaufunika kwa mawe, na uchafu wa vyoo ukaanza kuingia humo pia. Ni kazi ya kustaajabisha, na sehemu yake ingalipo hata leo. Lakini hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo miji mingi ya dunia haijamaliza kulilipia: maji mawili yalitiwa katika mfereji mmoja.

Maji ya mvua ni mengi, huja kwa ghafula, hukaa saa moja au mbili, kisha yamekwisha. Maji ya choo ni machache, huja kila siku, nayo yana viini vya ugonjwa. Ukijenga mfereji mdogo wa kutosha maji ya choo, mvua itaufurisha. Ukijenga mkubwa wa kutosha mvua, basi siku za jua yale machache ya choo yatalala chini yakioza. Na ukiyachanganya, siku ya mvua maji yote, hata yale yaliyoanguka safi kutoka mbinguni, yamekuwa maji ya choo.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Nyumba moja ya Mangobo yenye paa la meta 100 za mraba ikipata mvua nzito ya milimeta 50, paa lile peke yake litatoa lita 5,000 za maji. Katika nyumba hiyo wakikaa watu kumi, na kila mtu akitumia lita 30 kwa siku, maji yao machafu ni lita 300 tu. Maana yake mvua ya jioni moja inaleta maji kupita uchafu wa nyumba ile wa majuma mawili. Hapo hatujahesabu ua, wala barabara, wala paa la jirani. Na Kisangani hupata zaidi ya milimeta 1,600 za mvua kwa mwaka, wala hatuna mwezi ulio mkavu kabisa.

Sasa twende London, maana huko ndiko watu walikojifunza kwa uchungu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa mmoja uitwao Soho, na kwa majuma machache kikaua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow aliwaza kwamba ugonjwa unatoka katika maji, si katika hewa mbaya kama walivyosema wakubwa wa siku zile. Alipoona kwamba wengi waliokufa walikuwa wakiteka katika pampu moja ya Broad Street, aliomba mpini wa pampu ile uondolewe, nao ukaondolewa. Jambo hili limeandikwa katika vitabu vingi. Lakini linalonigusa mimi zaidi ni habari ya mtu wa pili, ambaye hatajwi sana: padre kijana wa Kianglikana aliyeitwa Henry Whitehead.

Huyu hakuwa wa Kanisa letu, lakini kazi aliyoifanya ingemfaa katekista ye yote. Hakumwamini daktari. Alitaka kuonyesha kwamba maneno yake ni ya uongo, kwa hiyo akaenda nyumba kwa nyumba, maana watu walikuwa wakimjua, akiuliza nani amekufa, lini, na alikunywa maji gani. Aliporudi kwa watu wale wale mara ya pili na ya tatu, akaona kwamba daktari alisema kweli. Mwishowe akagundua jambo ambalo Snow mwenyewe hakulijua: katika nyumba namba 40, iliyo mbele ya pampu, mtoto mchanga alikuwa ameharisha kabla ya watu wengine wote, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya nepi katika shimo la uchafu la nyumba. Wakafukua. Shimo lile lilikuwa karibu meta moja tu kutoka kisimani, nalo lilikuwa limebomoka na kuvuja. Ilitosha nyumba moja na shimo moja.

Miaka minne baadaye, yaani 1858, joto kali liliushika mji ule, na mto Thames, ambao ulikuwa umepokea vyoo vya watu zaidi ya milioni mbili, ukanuka hata wabunge wakalowesha mapazia yao kwa dawa ya chokaa ili waweze kukaa bungeni. Wakati wa harufu yao wenyewe, fedha ilipatikana haraka! Injinia Joseph Bazalgette akapewa kazi. Akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, kando ya mto, ikayachukua maji machafu mbali upande wa bahari. Kipindupindu kikaisha London. Lakini Bazalgette naye aliyaacha maji mawili katika mfereji mmoja, na kwa kuwa alijua mvua kubwa itaujaza, aliweka milango ya dharura: mfereji ukifurika, umwage mtoni. Kwa mvua za siku zile na watu wa siku zile, mambo yalikwenda. Mji ulipokua, milango ile ya dharura ikawa inafunguka mara kwa mara. Imewabidi Waingereza wachimbe handaki jingine la kilometa 25 chini ya mto ule ule, ambalo lilikamilishwa kuunganishwa mwaka 2025, miaka zaidi ya 160 baada ya harufu ile. Ndugu zao wa Paris nao, kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, walijenga shimo la kuhifadhia meta 50,000 za ujazo za maji ili mto Seine usichafuke. Hata hivyo mvua ilinyesha, na baadhi ya waogeleaji wakaambiwa wangoje mpaka kesho yake.

Lakini kwa sisi Wakongomani mji wa kutazama hasa ni Bruxelles. Mto wake ulikuwa unaitwa Senne. Nasema ulikuwa, maana mgeni aingiaye mji ule leo hauoni. Ulikuwa mto mdogo, unapita katikati ya nyumba za maskini, na watengenezaji wa ngozi, wa bia na wa rangi waliumwagia kila kitu. Mwaka 1866 kipindupindu kikaua maelfu. Meya Jules Anspach akaamua kuuzika mto. Tangu mwaka 1867 hata 1871 wakaujengea tao la matofali, wakaufunika, na juu yake wakatengeneza barabara pana zenye nyumba za fahari. Nyumba za maskini zilivunjwa. Watu wakashangilia kwamba mto umesafishwa. Kumbe ulifichwa tu. Chini ya barabara zile uchafu wote wa mji uliendelea kuingia Senne na kwenda zake, mpaka mwaka 2000, wakati kituo cha kwanza cha kusafisha maji kilipofunguliwa upande wa kusini, na cha pili upande wa kaskazini mwaka 2007. Siku hizi wameanza kuufunua mto wao tena mahali mahali.

Angalieni miaka hiyo. Mfalme aliyetawala Ubelgiji mto Senne ulipozikwa ndiye Leopold II, yule yule aliyemtuma Stanley kwetu. Serikali yake, na baadaye ya Wabelgiji waliomfuata, iliwafundisha babu zetu usafi, tena kwa faini na kwa kiboko. Mwaka ule wa 1960 walipoondoka, mji wao mkuu ulikuwa bado unamwaga vyoo vyake mtoni bila kuvisafisha. Sisemi haya ili tuwacheke. Nasema ili asiwepo mtu wa kufikiri kwamba usafi wa mito ni tabia ya taifa fulani. Ni kazi, na ina tarehe yake ya kuanza.

Wengine waliona mapema kwamba maji mawili yatenganishwe. Katika Amerika, mji wa Memphis uliangamizwa na homa ya manjano mwaka 1878, watu zaidi ya 5,000 wakafa. Homa ile huletwa na mbu, lakini hawakujua bado, wakalaumu uchafu. Mwaka 1880 injinia George Waring akawawekea mabomba membamba ya vyoo peke yake, na mvua ikaachwa ipite juu, katika njia zake. Basi walipata dawa nzuri kwa sababu isiyokuwa ya kweli, jambo ambalo si haba katika historia. Mabomba yake yalikuwa na kasoro, yaliziba. Lakini wazo lilibaki, na miji mingi iliyojengwa baadaye ililifuata.

Turudi nyumbani. Kipindupindu kilikaribia nchi zetu kabla ya Stanley na kabla ya Mapadre. Kati ya mwaka 1869 na 1870 kiliwaua watu wengi mno Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwako, akafuatilia njia zake na kuandika kitabu juu yake. Kikafuatana na misafara ya biashara kupita Ujiji mpaka Manyema, na Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870, aliandika kwamba kinawaua wafanyabiashara huko. Njia ile ile ilileta Kiswahili ninachokiandika hapa, na kwa njia ile ile Tippu Tip na watu wake walishuka hata maporomoko yetu. Stanley akaweka kituo chake hapa mwezi wa Desemba 1883. Mwaka huo huo daktari Robert Koch alikuwa Misri akikitafuta kijidudu cha kipindupindu kwa hadubini, na mwanzoni mwa 1884, huko Bara Hindi, akakipata. Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu akaja kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Kwa hiyo mji wetu ni mdogo kwa umri kuliko ujuzi wa jambo hili. Ulipozaliwa, ilikuwa imekwisha julikana kwamba choo na maji ya kunywa havipaswi kukutana.

Wabelgiji walipoupanga mji wa Stanleyville, waliugawanya kwa rangi. Wazungu walikaa katikati, pale ambapo leo ni Makiso. Wenyeji walikaa katika sité: katika miaka ya 1950 zilikuwa zikiitwa Belge I, Belge II, na nyingine, msishangae, iliitwa Bruxelles, wengine walikaa ng'ambo, Rive Gauche. Kwa Wazungu palijengwa mifereji ya saruji ya maji ya mvua, na kila nyumba ilikuwa na fosi septiki yake. Kwa wenyeji palikuwa na choo cha shimo. Utengano wa watu ulikuwa dhambi, nasi hatuulilii. Lakini utengano wa maji, katika sehemu ile ya mji, ulikuwa sawasawa: mvua ilikwenda na mfereji, choo kilibaki katika fosi. Mji wetu haukuanza na kosa la Roma wala la London. Kosa limeingia baadaye, kidogo kidogo, kwa mlango wa nyuma.

Limeingiaje? Fosi septiki iliyojengwa vizuri ina vyumba viwili. Uchafu mzito unazama katika cha kwanza na kuoza, maji yanapita cha pili, kisha yanakwenda katika shimo la mawe, na ardhi inayanywa polepole. Inatakiwa kutolewa uchafu kila baada ya miaka michache. Sasa nyumba iliyojengwa kwa familia moja imekuwa ya familia nne au tano, au imekuwa duka, au hoteli. Fosi imejaa. Shimo la mawe limeziba, halinywi tena. Mwenye nyumba anaona maji yanatoka uani, yananuka, wapangaji wanalalamika. Kumwita mwenye gari la kunyonya ni fedha nyingi. Mfereji wa serikali unapita mbele ya mlango bure. Basi anamwita fundi, usiku bomba moja la plastiki linatokezwa ukutani, na asubuhi uani ni pakavu. Kuanzia siku ile mfereji wa mvua ni mfereji wa choo, nao unaishia kijitoni au katika mto mkuu.

Huko penye vyoo vya mashimo mambo ni namna nyingine, lakini mwisho ni mmoja. Mabondeni, kando ya vijito, maji ya ardhini yako karibu. Shimo likichimbwa linakutana nayo. Mvua ikinyesha, shimo linajaa kutoka chini na kutoka juu, linafurika. Tena wako wale wanaongoja mvua kubwa ya usiku ili wafungue shimo lao kwa makusudi, mafuriko yalichukue. Kila mtu anajua jambo hili, na mimi sijasikia likitajwa katika kitubio! Jirani wa bondeni ndiye anayepokea. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanene ambao wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na wenzao wakalazimika kuyanywa yaliyovurugwa. Mapadre wengi hueleza sura ile kwa habari za watawala na mali. Ni halali, lakini nabii alisema maji, nasi tunaweza kumsikiliza vile vile alivyosema.

Baada ya uhuru, mji ulipata mambo mazito kuliko mifereji. Mwaka 1964 ulikuwa wa Simba na damu. Mwaka 1966 jina likawa Kisangani. Mwaka 1967 wakaja askari wa kukodiwa. Mwaka 1991 na 1993 ukaja uporaji wa nchi nzima. Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Usafi mwaka 1981, na mwaka 1987 Ofisi ya Barabara na Mifereji, lakini ofisi haifanyi kazi kwa jina lake tu. Halafu vikaja vile vita vya siku sita, tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji ambao si wa Rwanda wala wa Uganda. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Umeme ulikatika, na pampu za REGIDESO, zinazoteka maji ya mto Tshopo, zikasimama. Watu wakateka vijitoni. Walioyaona mambo yale wanajua kwamba kijito si kitu cha zamani ambacho mji umekiacha nyuma kwa kuwa una bomba. Kijito ni akiba ya mji. Bomba likikauka, na hukauka mara nyingi hata bila vita, wakina mama huirudia akiba hiyo na ndoo zao, na huikuta ilivyo.

Najua neno litakalosemwa. Watasema: Mto Kongo ni mkubwa, unameza kila kitu, tangu lini jongoo akaichafua bahari? Nalijibu neno hili kwa habari ya mwaka 2011. Mwezi wa Machi wa mwaka ule kipindupindu kilizuka hapa Kisangani. Hakikubaki hapa. Kilipanda mashua pamoja na abiria na mizigo, kikashuka na mto, na kufikia mwezi wa Julai kilikuwa kimekwisha fika Mbandaka na Kinshasa, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,700. Mto mkubwa haukukimeza, ulikisafirisha. Na mwaka 2025 ugonjwa huo uliutembelea tena mkoa wetu wa Tshopo. Tena, wanaosema mto ni mkubwa hawakai kando ya mto mkubwa. Mtoto wa Kabondo hachezi katika mto Kongo. Anacheza katika kijito ambacho mtu mzima anakiruka.

Neno la pili ni la fedha, nalo lina uzito zaidi. Kweli, mabomba ya vyoo kwa mji mzima unaokadiriwa kupita watu milioni moja ni fedha ambayo hatuna, wala sitamdanganya msomaji kwamba itapatikana mwaka kesho. Lakini kutenganisha maji hakuanzi na mabomba ya mji mzima. London inalipa sana kwa sababu inatengua kazi iliyokwisha jengwa chini ya barabara na nyumba. Sisi hatujajenga. Mfereji wetu wa mvua upo wazi, tunauona kwa macho. Bomba lililotokezwa ukutani linaonekana pia, na fundi aliyelitia kwa usiku mmoja anaweza kulitoa kwa mchana mmoja. Kinachohitajika baada ya hapo ni mahali pa kupeleka uchafu wa fosi, maana gari la kunyonya likikosa mahali halali pa kumwaga, litamwaga kijitoni, na hapo tumezunguka tu. Wenzetu wa Kampala, ambao kwa miaka mingi mfereji wao wa Nakivubo ulibeba maji ya kila namna kuelekea ziwa Victoria, walifungua mwaka 2014 kituo cha Lubigi chenye sehemu ya kupokea uchafu wa magari hayo, wakaukausha na kuusafisha. Hawakungoja kila nyumba ipate bomba. Nakivubo haijapona bado, lakini mwenye gari ana pa kwenda.

Sheria nazo zipo. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, na ile ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, zinakataza kuyachafua maji. Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alitaja kuhara damu na kipindupindu kwa majina yake, na kuonyesha kwamba maji mabaya huwafikia maskini kwanza. Sheria ya Musa, sheria ya nchi na barua ya Papa zinakubaliana. Bomba la ukutani halijui kusoma.

Namrudia yule Whitehead. Alipoanza hakuwa na cheo cha udaktari, wala fedha, wala gari. Alikuwa na ruhusa ya kubisha hodi, kwa sababu watu walimjua. Sisi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tunayo ruhusa hiyo hiyo kila juma. Nimewashauri wa parokia yetu waulize mambo matatu katika kila nyumba na kuyaandika: shimo au fosi ilitolewa lini mara ya mwisho, maji yake yanatokea wapi, na kisima au chemchemi iliyo karibu iko hatua ngapi kutoka hapo. Majina ya watu yasiandikwe, ila namba ya nyumba tu, wasije wakaogopa. Daftari lipelekwe kwa mkuu wa avenyu na komini kabla ya mvua kubwa za Septemba, na nakala ibaki kwa padre.